“Inggih” Si Ndiyo: Uongozi wa Kijava Mahali pa Kazi

Assalaam alaykum. Wenyeji wetu, mabibi na mabwana mnaosimamia watu makazini, na nyinyi mafundi mliofunga karakana zenu asubuhi hii ili mje kutusikiliza, ahsanteni sana.

Nimeombwa nizungumze juu ya namna Wajava, watu wa kisiwa cha Java huko Indonesia, wanavyoongoza watu kazini. Nitaanza na neno moja la Kijava, kwa sababu neno hilo lilinigharimu. Neno lenyewe ni inggih.

Nilifanya kazi miaka mitatu Jepara, mji wa pwani ya kaskazini ya Java ya Kati unaosifika kwa samani na nakshi za mtiki. Mimi ni mtoto wa fundi milango, nimekua na harufu ya vumbi la mbao, kwa hiyo siku ya kwanza nilipoona watu wamekaa chini na patasi zao, nilijiona nimefika nyumbani. Kazi yangu ilikuwa kukagua ubora wa samani zinazosafirishwa nje. Jumatatu moja nikamwuliza msimamizi wa mafundi, “Pak,” yaani Baba, “viti vitakuwa tayari Alhamisi?” Akainamisha kichwa kidogo, akanyamaza, kisha akasema, “Inggih.”

Kamusi yangu ilisema inggih ni ndiyo. Nikawaandikia wanunuzi. Alhamisi ikafika, nusu ya viti havijaguswa na msasa. Nikamkabili yule bwana palepale, mbele ya mafundi kama thelathini, sauti juu. Hakunijibu hata neno. Alitabasamu. Na mimi tabasamu lile likanizidisha hasira.

Kesho yake mafundi wanne hawakuja. Keshokutwa hawakuja sita. Hapakuwa na mgomo wala barua, na hakuna aliyenuna. Waliokuwapo walinisalimu kwa upole uleule. Wahenga wetu walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Mshindo huo niliusikia kwenye orodha ya mahudhurio.

Palikuwa na bibi mmoja aliyesimamia kitengo cha msasa, sote tukimwita Bu, yaani Mama. Akaniita jioni, akanimiminia chai ya asumini iliyojaa sukari, akaanza kuzungumza. Alizungumza juu ya mvua, juu ya wajukuu zake, juu ya bei ya mchele. Ikapita karibu saa nzima. Kisha akaniuliza, taratibu kabisa, “Huko kwenu, mtu akisema ndiyo, anakuwa amesema nini?”

Ndipo akanifunulia. Inggih anayoitoa mdogo kwa mkubwa, kwanza maana yake ni “nimekusikia”. Wajava wenyewe wana msemo, nggih-nggih ora kepanggih: ndiyo nyingi, na jambo lenyewe halionekani. Yule msimamizi alijua tangu Jumatatu kwamba mbao hazijakauka vizuri. Lakini mimi nilikuwa juu yake, tena mgeni, na kumwambia mkubwa “hapana” usoni ni ukosefu wa adabu. Alichofanya ni kunyamaza kidogo kabla ya kujibu. Kile kimya kifupi ndicho kilikuwa jibu lake, akanitegemea nilisikie. Sikulisikia, kisha nikamvua nguo mbele ya watu wake.

Mabibi na mabwana, tangu jioni ile nimekuwa na jambo moja la kusema juu ya uongozi wa Kijava, nalo ndilo nililowaletea leo. Desturi ile inamtaka mdogo ajizuie kwa adabu. Kwa sababu hiyohiyo inamtwika mkubwa mzigo wa kusikia kisichosemwa. Ni mkataba wa pande mbili. Ukichukua upande wa mdogo ukauacha wa mkubwa, unachobaki nacho ni udhalimu unaotabasamu.

Tuanze na lugha, maana bila lugha mengine hayaeleweki. Sisi tuna shikamoo na marahaba. Wajava wameigawa karibu lugha yote namna hiyo. Kuna ngoko, lugha ya rika na ya mkubwa kwa mdogo, na kuna krama, lugha ya heshima. Kula ni mangan kwa ngoko, ni nedha kwa krama, na ukimzungumzia mtu unayemtukuza ni dhahar. Wala huwezi kujisemea mwenyewe dhahar hata ukiwa mfalme wa ofisi, maana neno lile ni la kumwinua mwenzio tu. Nimelipenda sana jambo hilo. Mtu mwenye cheo ana maneno mengi ya kuwatukuza wengine, lakini yeye mwenyewe akijitaja hana budi kushuka.

Ofisini, siku hizi, mikutano huendeshwa kwa Kiindonesia, ambacho hakina ngazi kama hizo, na vijana wengi wanakifurahia kwa sababu kinawapa pumzi. Lakini mkutano ukiisha, watu wakitoka mlangoni, Kijava kinarudi na ngazi zake zote. Nilijifunza kumpima meneja kwa namna anavyosema na mzee wa kufagia. Cheo kinamruhusu kumwambia kwa ngoko. Wale waliokuwa wakisikilizwa na mafundi walimwambia kwa krama.

Mtoto wa Kijava hufundishwa hisia tatu kwa hatua. Kwanza wedi, hofu. Baadaye isin, haya. Mwisho sungkan, ambayo ni karibu sana na kule kustahi kwetu: unajizuia mbele ya mtu ingawa hujafanya kosa lolote, kwa kuwa tu unamjali na unaijua nafasi yake. Mtoto ambaye hajafika huko husemwa durung Jawa, hajawa Mjava bado. Mnaona wenyewe: kwetu asiye na adabu tunasema hana ustaarabu, wala hatumaanishi kabila lake. Lengo la yote haya ni rukun, watu kuishi na kufanya kazi bila ugomvi wa wazi. Msisitizo uko hapo kwenye wazi. Hitilafu zipo kama popote, ila zinapitishwa kwa mjumbe, kwa chai, kwa mafumbo, kwa kuchelewa kujibu.

Msidhani kwamba wenyewe hawajawahi kuulalamikia mzigo huu. Kartini, binti wa liwali wa Jepara, aliyezaliwa mwaka 1879 na kufariki mwaka 1904, aliandika mwaka 1899 kwa rafiki yake wa Uholanzi akieleza jinsi wadogo zake walivyotakiwa kupita mbele yake kwa kutambaa na kumsemesha kwa lugha ya juu. Yeye na dada zake wakaamua kuziondoa adabu hizo baina yao. Leo siku yake ya kuzaliwa, tarehe 21 Aprili, huadhimishwa Indonesia nzima. Kwa hiyo ukosoaji wa desturi ile umetoka ndani ya nyumba, tena katika mji uleule niliokuwa nikifanya kazi.

Sasa nije kwa mtu ambaye kwangu ndiye mwalimu mkuu wa jambo hili. Alizaliwa Yogyakarta tarehe 2 Mei 1889 katika ukoo wa kifalme wa Pakualaman, akaitwa Raden Mas Soewardi Soerjaningrat. Mwaka 1913 Waholanzi walitaka kusherehekea miaka mia ya uhuru wao kutoka kwa Wafaransa, na kuwashirikisha wenyeji wa koloni katika gharama za sherehe. Akaandika gazetini kwamba yeye lau angekuwa Mholanzi asingesherehekea uhuru katika nchi ambayo watu wake amewanyima uhuru. Wakamhamishia Uholanzi. Huko akasoma ualimu. Alirudi mwaka 1919, na tarehe 3 Julai 1922 akafungua Yogyakarta shule za Taman Siswa. Alipofikisha miaka arobaini kwa hesabu ya Kijava akalivua jina lake la kifalme, akajiita Ki Hajar Dewantara, ili aweze kuwa karibu na watu wa kawaida. Katika shule zake walimu waliitwa Bapak na Ibu, baba na mama. Indonesia ilipotangaza uhuru mwaka 1945, akawa waziri wake wa kwanza wa elimu.

Maneno ya uongozi yanayofungamana na jina lake ni haya: Ing ngarsa sung tuladha, ing madya mangun karsa, tut wuri handayani. Ukiwa mbele, toa mfano. Ukiwa kati yao, jenga ari. Ukiwa nyuma, wape nguvu. Yale ya mwisho, tut wuri handayani, yamo kwenye nembo ya wizara ya elimu, na watoto wengi wa Indonesia wanayavaa kwenye kofia au tai ya shule.

Wengi wetu tukiyasikia tunayageuza kuwa aina tatu za kiongozi, kisha kila mmoja anajichagulia aina yake. Mafundi wa Jepara hawakuyaelewa hivyo. Kwao ni sehemu tatu anazosimama mtu yuleyule katika kazi ileile. Nilimtazama mzee mmoja akimfundisha kijana kuchonga maua ya yasmini kwenye ubavu wa kabati. Wiki za mwanzo alichonga yeye, kijana ametulia tu anatazama mikono. Baadaye wakakaa ubao mmoja, huyu upande huu na yule upande ule, wakiwa na kretek zao, sigara zenye karafuu, na gumzo. Mwisho mzee alihamia nyuma ya kijana, akawa anasaga patasi zake mwenyewe, hasemi kitu. Kijana akikosea, mzee alikohoa. Nilihesabu siku ile: alikohoa mara mbili tangu asubuhi hadi adhuhuri. Kukaa na bwana fundi namna hiyo wanakuita nyantrik, na zamani mwanafunzi alikaa nyumbani kwa mwalimu kabisa.

Kusimama nyuma ndiko kugumu. Sisi wasimamizi wa leo tuna ripoti za kila siku na makundi ya simu yanayolia usiku kucha, tunamfuata mtu hadi kitandani, tukaita hiyo ni ufuatiliaji. Tut wuri ni kufuata pia. Tofauti iko kwenye handayani, ambalo ndani yake mna neno daya, nguvu: unafuata ili aliye mbele yako aongezeke nguvu. Jiulizeni kama mtu mnayemfuatilia anaongezeka au anapungua.

Na tusichukulie kwamba upole huu ni unyonge. Mwaka 1932 serikali ya kikoloni ilitoa amri ya kuzibana shule zilizoanzishwa na watu binafsi, zile ilizoziita shule pori. Ki Hajar akamtumia gavana mkuu simu ya maandishi, lugha ya adabu tupu, akimwarifu kwamba hata asiye na nguvu ana silika ya kujilinda, na kwamba wao watakataa bila fujo. Vyama vya kila mrengo vikaungana naye. Mwaka 1933 amri ile ikasimamishwa. Hakupaza sauti.

Nina kisa kingine, na hiki nakiomba mkipokee kwa kazi yenyewe iliyofanyika, maana mwenye kisa baadaye alikuwa rais wa nchi kwa miaka kumi na watu wana maoni mengi juu ya utawala wake. Mwaka 2005 Joko Widodo, aliyekuwa mfanyabiashara wa samani, alichaguliwa kuwa meya wa Surakarta, mji ambao wenyewe wanauita Solo. Kwenye bustani ya Banjarsari walikuwapo wachuuzi 989 wa vitu vya mitumba, waliojazana tangu msukosuko wa uchumi wa mwisho wa miaka ya tisini. Kila aliyejaribu kuwahamisha alishindwa. Kawaida ya miji mingi mnaijua: mgambo, tingatinga, machozi.

Meya aliwaalika wawakilishi wao kula chakula Loji Gandrung, nyumba rasmi ya meya. Walikuja wamejiandaa kwa mabishano. Wakala, wakazungumza mengine, wakaondoka. Habari ya kuhama haikutajwa. Akawaalika tena. Na tena. Chakula cha hamsini na nne ndipo aliposema kwamba angependa wahame. Miezi ilikuwa imepita. Wakauliza maswali yao: wateja watatufuataje huko, magari yatapita, vibanda vitauzwa bei gani? Wakakubaliana: vibanda bila kununua, njia ya usafiri ya kupita sokoni, na soko litangazwe. Mwaka 2006 wakahama kwa maandamano ya sherehe, wamevaa mavazi ya jadi, kama msafara wa harusi.

Wajava wana neno kwa alichokifanya: nguwongke. Ndani yake mna wong, mtu. Ni kumfanya mtu awe mtu, kumtendea kwa utu wake. Sijapata lugha nyingine inayolipokea neno hili kwa urahisi kama Kiswahili. Nimewahi kusikia wataalamu wakihesabu gharama za milo ile hamsini na minne na kuuliza kama ilikuwa ni matumizi mazuri ya muda wa meya. Mimi nauliza mgambo na tingatinga zinagharimu kiasi gani, na wachuuzi wanarudi bustanini baada ya wiki ngapi.

Kuna pia Hasta Brata, mafunzo manane ya mtawala. Katika Ramayana, utenzi wa Kijava cha kale, shujaa Rama anampa Wibisana, mtawala mpya, mafunzo hayo baada ya vita, na wachezesha vivuli vya wayang wanayasimulia hadi leo. Katika simulizi zao kiongozi awe kama ardhi, jua, mwezi, nyota, upepo, moto, bahari na mbingu. Orodha hubadilika kidogo kwa msimuliaji. Makampuni ya Indonesia hupenda kuyaweka kwenye semina za uongozi. Sitayapitia yote. Moja tu nilibebe: bahari, kwa sababu inapokea mito yote, safi na michafu, na haisemi mto huu sikuuita. Msimamizi anayepokea habari mbaya kwa uso uleule anaopokelea nzuri, huyo ataletewa habari mbaya mapema.

Kuhusu vikao. Neno lao ni musyawarah, na kinachotafutwa ni mufakat. Hapa hamhitaji mkalimani. Shauri na muafaka vimetoka chimbuko lilelile la Kiarabu, vikasafirishwa na bahari ileile ya Hindi, vingine vikashuka Java vingine vikashuka kwetu. Nilipowaambia wazee wa Kudus, mji jirani na Jepara ambako sigara za kretek zilianzia, kwamba natoka Zanzibar, waliitikia palepale: karafuu! Kwa miaka mingi karafuu za Unguja na Pemba zilikwenda kuungua katika kretek za Java, mpaka Indonesia ilipopanda za kwake za kutosha.

Katika musyawarah kura ni hatua ya mwisho, karibu ni kushindwa. Kabla ya kikao mtu mwenye busara ameshawazungukia wahusika mmoja mmoja. Mgeni anaona kikao cha dakika ishirini kilichokubaliana kila kitu, anadhani watu hawana mawazo. Mawazo yameshasemwa, ila yalisemwa jikoni. Na baada ya Ramadhani kuna halal bihalal. Kazini mnapanga mstari, mkurugenzi hadi mlinzi, kila mmoja anampa mwenzie mkono na kusema mohon maaf lahir dan batin, naomba radhi dhahiri na batini. Mkurugenzi naye anaomba. Nimeshikwa mkono na watu niliowakosea mwaka mzima na hatukulitaja kosa, tukaanza upya. Na ili isiwe maneno matupu, sheria ya Indonesia inamtaka mwajiri alipe posho ya sikukuu angalau siku 7 kabla, mshahara wa mwezi mmoja kwa aliyetimiza mwaka kazini.

Nisingekuwa mkweli kwenu kama ningeishia kwenye mazuri. Ile haya ya kumwambia mkubwa jambo zito wanaiita ewuh pakewuh, na ikiota mizizi huzaa kitu ambacho Waindonesia wamekipa jina la kifupi, ABS: asal Bapak senang, ili mradi Baba afurahi. Takwimu zinapambwa. Ripoti zinanyooshwa. Soeharto, rais wa zamani wa Indonesia, Mjava aliyezaliwa Kemusuk karibu na Yogyakarta, alipenda kunukuu mikul dhuwur mendhem jero, yaani waheshimu wazazi kwa kuinua juu mema yao na kuyafukia mbali mabaya yao. Ni wosia mzuri kwa mtoto. Serikalini ulitumika kuyafukia mabaya ya watu walio hai na wenye madaraka. Baada ya miaka zaidi ya thelathini ya kutawala, alijiuzulu tarehe 21 Mei 1998, siku chache baada ya mitaa kuwaka moto, na jamaa zake wakiwa wameshika biashara kubwa kubwa za nchi. Wadogo walitimiza upande wao wa mkataba. Walinyamaza. Mkubwa hakuutimiza wake, hakusikia.

Kwa hiyo mkinishawishi kwamba wafanyakazi wenu wana adabu, wanatii na hawabishi, sitawapongeza haraka. Nitawauliza ni lini mara ya mwisho mmoja wao alikuleteeni habari mbaya kabla hamjaigundua wenyewe.

Mimi nilibadilisha machache. Niliacha kuuliza “itakwisha Alhamisi?” nikaanza kuuliza “katika kazi hii, kipi kinachowapa taabu?” Swali hilo halijibiki kwa inggih. Nikaacha kumwita mtu ofisini kwangu; nikawa nakwenda nakaa chini kwenye vumbi, kikombe mkononi, napoteza dakika zangu juu ya mvua na bei ya mchele. Kosa la mtu sikulitaja tena mbele ya mwenzie. Na yule msimamizi nilimwendea nyumbani kwake usiku, na sukari na majani ya chai. Sikutaja viti, naye hakuvitaja. Mkewe alitupikia ndizi za kukaanga. Wiki ile mafundi wote walirudi.

Mwezi wangu wa mwisho pale nilichora mimi mwenyewe sehemu ya juu ya mlango, nakshi ya kwetu, ili niwaachie kumbukumbu. Nikaitandaza mezani. Mafundi wakaizunguka, kimya. Kijana yule wa maua ya yasmini, ambaye kwa miaka mitatu sikupata kwake zaidi ya inggih, akaiinamia, akaifuata kwa kidole, akasimama. Akanitazama usoni, akasema, “Ngapunten, Pak. Niki kirang pas.” Samahani, Baba, hapa hapajakaa sawa. Akachukua penseli kutoka sikioni kwake.